Vidonge vya kunenepa, chumvi ya kulamba na vitezi viwili juu ya figo

Wapendwa wasomaji, mwezi huu meseji ni nyingi, na ukizisoma harakaharaka utaona kila moja na lake, huyu kanenepa uso, huyu anakonda, huyu presha haishuki, huyu mtoto kaanza kunuka kikwapa. Mi nimezitoa pamoja kwasababu zote zinarudi palepale, kwenye vitezi viwili vidogo vilivyokaa juu ya figo, kimoja kulia kimoja kushoto, kila kimoja gramu 4 au 5 hivi, yaani kama kijiko kidogo cha sukari. Vinaitwa tezi za adrenali. Wengi wanavijua kwa ile homoni ya adrenalini, ile ya kushtuka moyo ukaenda mbio, lakini hiyo inatengenezwa katikati ya tezi. Leo tunaongelea ganda la nje, ndo sehemu kubwa ya tezi na ndo lenye homoni ambazo zikiisha kabisa na usipate matibabu huwezi kuishi.

*Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni msichana wa miaka 24 naishi Mbagala. Nilikuwa mpambe kwenye harusi ya dada yangu, sasa mimi ni mwembamba tangu utoto nikataka shepu ijae ili gauni likae vizuri. Rafiki yangu akanipeleka kwa mama mmoja anauza vidonge vidogo vyeupe anakufungia kwenye karatasi. Nikawa nakunywa viwili kila siku. Wiki ya pili tu mashavu yakajaa watu wakanisifia, nikaendelea mpaka miezi minne. Sa hivi tumbo limekuwa kubwa ila miguu imezidi kuwa myembamba, na mapajani nina michirizi ya zambarau. Nikaogopa nikaacha Ijumaa. Tangu hapo kichefuchefu, mwili hauna nguvu, nikisimama kizunguzungu, viungo vyote vinauma. Nimepima malaria hamna. Nyumbani wanasema nimerogwa. Nifanyeje?*

Jibu: Marahaba mwanangu. Huyu binti nilimjibu palepale kwa simu, sikusubiri gazeti litoke, nikamwambia aende hospitali usiku uleule na ile karatasi ya dawa mkononi na akifika aseme hivi, nimetumia vidonge vya steroidi miezi minne nimeacha ghafla. Alienda, akawekewa dripu na sindano ya haidrokotisoni, na yeye mwenyewe kaniomba niandike kwasababu anasema kwenye kundi lao la sare wako wengine watatu wanaokunywa vilevile. Kwa hiyo nyie watatu, soma mpaka mwisho tafadhali.

Vile vidonge ni deksamethasoni, mtaani mnaita deksa, mara nyingine vinachanganywa na siproheptadini ambayo ni dawa ya aleji inayoongeza hamu ya kula. Deksa ni steroidi, yaani ndugu wa kutengenezwa wa kotisoli, na kotisoli ndo homoni kubwa ya ganda la tezi ya adrenali. Mwili unaitengeneza kutokana na kolesteroli, miligramu 10 mpaka 20 kwa siku kwa mtu mzima, na kazi zake ni nyingi mno, inaliambia ini litoe sukari ukiwa na njaa, inasaidia mishipa ishike presha, inatuliza kinga ya mwili isije ikawaka kupita kiasi, na ukipata homa kali au ajali au operesheni inapanda ili uvuke salama. Sasa deksa ina nguvu kuliko kotisoli, ukipiga hesabu vidonge viwili vya nusu miligramu vinazidi kile mwili wako unachotengeneza kutwa nzima, na wanaouza wala hawakuambii unywe hivyo viwili tu, wengine wanasema vinne.

Kwanini uso ujae miguu ipungue? Kwasababu ule sio unene wa afya. Kotisoli ikizidi inavunja nyama za mikono na mapaja kutengeneza sukari, halafu mafuta yanahamia usoni, tumboni na nyuma ya shingo, ngozi inakuwa nyepesi mpaka inachanika kwa ndani ndo hiyo michirizi ya zambarau. Hapo bado sukari kupanda, presha kupanda, mifupa kulika taratibu, na kinga kushuka mpaka TB iliyokuwa imelala mwilini inaweza kuamka. Yaani shepu unayoiona kwenye picha ya harusi ni ugonjwa kabisa, tunauita Kashingi kwa jina la yule daktari wa upasuaji wa Marekani, Harvey Cushing, ila wewe umeununua kwenye karatasi. Nasema hivi kwa uchungu sio kwa kukusema, mtoto wa miaka 24 hakutakiwa kuuziwa dawa hii bila cheti.

Na hii ya kuacha ghafla ndo naomba muielewe vizuri kuliko yote. Tezi za adrenali hazifanyi kazi kwa kujiamulia. Ubongo unapima kotisoli kwenye damu, ikipungua unaiamsha tezi ya pituitari iliyoko chini ya ubongo, pituitari inamwaga homoni inaitwa ACTH, ACTH inashuka na damu mpaka juu ya figo inasema haya tengenezeni. Kotisoli ikitosha ubongo unanyamaza. Sasa wewe ukileta deksa kila siku ubongo unaona kotisoli tele, ACTH inakatwa, na ganda la tezi linalala, likilala wiki na miezi linasinyaa. Ni sawa na nyumba ambayo jirani anawaletea wali umeiva kila jioni, mnaacha kununua mkaa, jiko linapata kutu, watoto wanasahau hata kiberiti kiko wapi, halafu siku moja jirani kahama bila kuaga. Njaa ni usiku huohuo ila jiko haliwezi kuwaka usiku huo. Tezi iliyolala inaweza kuchukua wiki, miezi, wengine mpaka mwaka mzima kuamka vizuri.

Ndo maana mtu aliyetumia dawa hizi zaidi ya wiki 3 au 4 hatakiwi kuacha kwa siku moja, anapunguziwa kidogokidogo na daktari. Dalili za tezi kulala ndo zilezile alizoandika binti, kuchoka kupita maelezo, kichefuchefu, kutapika, tumbo kuuma, viungo kuuma, presha kushuka, sukari kushuka, na akipata homa au ajali katikati ya hapo anaweza kuzimia na kufa. Nilipokuwa naanza kazi aliletwa baba mmoja mwenye baridi yabisi, alikuwa anatumia prednisoloni, steroidi nyingine, mwaka mzima, akajiona amepona akazitupa, siku ya tatu akaanza kutapika wakamtibu malaria mahali pengine, alipotufikia presha haipimiki. Tulichelewa. Mke wake alikuwa na mfuko wa dawa kwenye mkoba wake muda wote ule na hakuna aliyemuuliza. Tangu siku hiyo hakuna mgonjwa anayetapika mbele yangu nisimuulize, mama au baba, kuna dawa yoyote uliyoacha karibuni?

Na mkorogo nao uingie humuhumu. Krimu nyingi za kung'arisha zina klobetasoli au betamethasoni, hizi ni steroidi kali, ukijipaka mwili mzima asubuhi na jioni kwa miezi inapita kwenye ngozi inaingia kwenye damu na tezi inalala vilevile. Wengi hawajui, wanadhani dawa ni ile ya kumeza tu.

Lakini naomba msitoke hapa mkaichukia dawa. Mwaka 1948 kule Mayo Clinic, Marekani, daktari Philip Hench alimchoma kotisoni mwanamke mwenye baridi yabisi aliyekuwa hawezi hata kujigeuza kitandani, siku chache baadaye akatembea, na mwaka 1950 Hench, Kendall na Reichstein wakapewa Nobel kwa homoni hizi za ganda la adrenali. Leo steroidi zinaokoa wenye pumu, lupasi na magonjwa ya figo, mama mwenye uchungu wa mapema anachomwa deksa miligramu 6 mara 4 kila baada ya saa 12 ili mapafu ya mtoto njiti yakomae haraka, na mwaka 2020 deksa hiihii ilipunguza vifo vya wagonjwa wa korona waliokuwa kwenye oksijeni. Kama umeandikiwa na daktari endelea nayo. Mzazi mwenye mtoto wa pumu usimnyang'anye kipulizio baada ya kusoma hapa, kile kina dozi ndogo na nyingi inaishia kwenye mapafu, akishavuta asukutue mdomo basi.

*Swali: Habari za kazi dokta. Mimi ni fundi seremala hapa Keko, miaka 41. Miaka mitatu nyuma niliugua TB nikamaliza dawa zote miezi sita. Tangu mwaka jana nakonda, suruali zote zinanivuka, sina nguvu ya kusukuma randa. Kitu cha ajabu natamani chumvi mpaka naona aibu, nalamba mkononi, embe bichi nalipaka chumvi mpaka linakuwa jeupe. Nikiinuka ghafla naona giza. Mke wangu kaniambia mistari ya viganjani imekuwa myeusi na fizi zina madoa meusi ambayo hayakuwepo. Mtaani wanasema ngoma, nimepima mara mbili niko salama. Huu ni ugonjwa gani?*

Jibu: Ndugu yangu, pole sana, na mshukuru shemeji yetu kwa jicho lake maana hiyo mistari ya viganjani ndo iliyonifanya nikae sawa kwenye kiti. Mwaka 1855 kule London kulikuwa na daktari wa Guy's Hospital anaitwa Thomas Addison, akaandika habari za wagonjwa 11, wamechoka, wamekonda, moyo unapiga dhaifu, ngozi imebadilika rangi, na baada ya kufa wakikutwa tezi za adrenali zimeharibika, baadhi yao kwa TB. Mpaka leo ugonjwa unaitwa Adisoni. Siwezi kusema unao bila vipimo, ila ningekuwa na wewe hapa ningeanza na huo kabla ya kingine chochote, kwasababu TB ya mapafu ikipona inaweza kuwa ilishapita kwenye damu zamani ikala zile tezi kimyakimya, na dalili hazionekani mpaka sehemu kubwa ya ganda iwe imeshaharibika.

Chumvi sasa. Tabaka la juu kabisa la lile ganda linatoa homoni nyingine, aldosteroni, kazi yake ni kuiambia figo irudishe sodiamu kwenye damu na itoe potasiamu kwenye mkojo. Sodiamu ndo chumvi na chumvi inavuta maji, kwa hiyo aldosteroni ikikosekana unakojoa chumvi na maji, damu inapungua ujazo, presha inalala, ukiinuka unaona giza, na mwili wenyewe unakudai chumvi. Usione aibu kabisa kulamba, mwili wako ulikuwa unajitibu na chumvi pengine ndo iliyokufikisha leo. Hatari zaidi ni potasiamu inayobaki, ikipanda sana moyo unaweza kusimama.

Na ule weusi unatokana na ACTH niliyoieleza kwa binti wa Mbagala. Kwake tezi ililala kwasababu ACTH ilikatwa, kwa hiyo hawezi kuwa mweusi, na aldosteroni yake inabaki kwasababu hiyo inaamriwa zaidi na figo na potasiamu kuliko ubongo, ndo maana hakuandika habari za chumvi. Kwako ikiwa ni Adisoni ni kinyume, tezi imekufa, ubongo unaona kotisoli hakuna unazidi kumwaga ACTH na ndugu zake, na hizo zinaichochea ngozi itengeneze rangi. Sisi watu weusi, rangi ya ngozi ya mwili haitusaidii kuona mabadiliko hayo, tunaangalia mistari ya viganja, fizi, ulimi, makovu mapya na viungo vya vidole. Nisiwatie watu hofu, wengi wetu tumezaliwa na fizi nyeusi na hazina tatizo lolote, cha kuangalia ni weusi mpya unaokuja pamoja na kukonda na kuchoka.

Nenda hospitali kubwa, kati ya Temeke na Muhimbili pote ni karibu na wewe, uombe wapime sodiamu, potasiamu, sukari na kotisoli ya asubuhi, damu itolewe saa 2 asubuhi kwasababu kotisoli kawaida inakuwa juu kabisa alfajiri na asubuhi halafu inashuka mpaka chini kabisa karibu saa 6 usiku, ukipimwa jioni jibu litawachanganya. Kuna pia kipimo cha kuchomwa ACTH ya kutengenezwa na kuangalia kama tezi inajibu baada ya nusu saa au saa 1. Ukithibitika utameza haidrokotisoni kushika nafasi ya kotisoli na fludrokotisoni kushika nafasi ya aldosteroni maisha yako yote, na utarudi kwenye randa yako, nimewaona waliorudi. Utafundishwa kuongeza dozi mara mbili ukipata homa, na ukitapika dawa usikae nyumbani, unatakiwa sindano. Ukifunga Ramadhani ongea na daktari kabla ya mwezi kuandama. Na kama watakuta TB imerudi wakuanzishie rifampisini, wakumbushe una Adisoni, kwasababu rifampisini inaifanya kotisoli iishe haraka mwilini na dozi yako lazima ipandishwe. Andika kwenye karatasi weka kwenye pochi. Na ukianza kutapika kabla hata ya vipimo, usisubiri majibu, kimbilia emajensi.

*Swali: Daktari, nina miaka 52, niko Tabata. Natumia dawa 3 za presha na naacha chumvi kabisa lakini bado inasoma 170 kwa 100. Misuli inakaza usiku. Walipima potasiamu ikawa 2.9. Wananiambia simezi dawa vizuri na mimi nameza.*

Jibu: Nakuamini kaka. Chukua yale ya fundi wa Keko uyageuze, aldosteroni ikizidi figo inashikilia chumvi, presha inapanda haisikii dawa, na potasiamu inamwagika kwenye mkojo, ndo hiyo 2.9 yako iliyo chini, mpaka misuli inakaza. Kwanza uliza kama moja ya hizo dawa 3 ni ya kukojoa, nazo hushusha potasiamu. Baada ya hapo omba wapime aldosteroni pamoja na renini, ile homoni ya figo inayoiamrisha aldosteroni, kipimo hiki hakiko kila maabara na hakiombwi vya kutosha, mimi naona tunawalaumu wagonjwa mapema mno. Daktari Jerome Conn wa Marekani ndiye aliyeueleza ugonjwa huu mwaka 1955. Kama ni uvimbe mdogo upande mmoja unaweza kutolewa kwa operesheni, kama ni pande zote mbili kuna spironolaktoni, dawa ya siku nyingi, ambayo baadhi ya wanaume huwavimbisha matiti kwa hiyo ikitokea sema ubadilishiwe, usiache kimyakimya. Usianze mwenyewe bila kupima damu.

*Swali: Mwanangu wa kike ana miaka 8 na nusu, ameanza kutoa harufu ya kikwapa. Majirani hapa Kigamboni wanasema amevunja ungo mapema, ni kuku wa kisasa. Naogopa.*

Jibu: Mama, tulia. Tabaka la ndani kabisa la ganda la adrenali linaanza kutoa homoni zinazofanana na za kiume, kwa mabinti na wavulana wote, kuanzia miaka 6 mpaka 8 hivi, na hizo ndo zinaleta harufu ya jasho, chunusi kidogo na baadaye nywele za kwapa. Kubalehe kwenyewe kunaanzia kwenye ubongo na ovari na ni jambo lingine. Muogeshe, mnunulie pafyumu nyepesi ya kwapani, mueleze kwa upendo. Mlete kwa daktari wa watoto ikiwa matiti yameanza, au anarefuka kwa kasi kuliko wenzake, au sauti inakuwa nzito, au sehemu zake za siri zinabadilika umbo, hapo tunataka kupima.

*Swali: Dokta mimi naamka saa 10 alfajiri Chanika ili niwahi kazini Posta, narudi saa 3 usiku, nimechoka mwaka mzima. Kuna dada mtandaoni anasema nina uchovu wa adrenali, kotisoli imeisha kwa stresi, ananiuzia vidonge vya kuifufua. Ninunue?*

Jibu: Usinunue dada yangu. Uchovu wako ni wa kweli kabisa, ila hakuna ugonjwa unaotambulika kitabibu unaoitwa uchovu wa adrenali, na stresi haimalizi kotisoli, ukiwa kwenye stresi tezi inatoa zaidi. Ugonjwa wa tezi kushindwa upo, ndo huo wa fundi wetu, na unapimwa kwa damu hospitali sio kwa maswali kumi ya kwenye simu. Wewe nakuomba upime wingi wa damu, sukari, thairoidi na ujauzito kama inawezekana, halafu tuhesabu usingizi wako, ukilala saa 5 ukaamka saa 10 ni masaa 5, na hayo hayamtoshi mtu mzima anayefanya kazi. Ongea na bosi kuhusu muda wa kuingia, au siku mbili kwa wiki ulale kwa ndugu aliye karibu na mjini, najua si rahisi lakini hiyo ndo dawa ninayoiamini kwako.

Na kuhusu vile vidonge, huko Marekani vya namna hiyo vilipopelekwa maabara vilikutwa na homoni za thairoidi, na baadhi vilikuwa na steroidi ambazo hazikuandikwa kwenye kopo. Kwa hiyo unaweza kujisikia una nguvu wiki ya kwanza, ukaendelea miezi minne, ukaacha Ijumaa. Kama ulishaanza kuvinywa nitumie picha ya kopo mbele na nyuma, na uniambie umetumia kwa muda gani, kabla hujaacha.